Kwa nini ngoma inaongea sana (hotuba ya Jumamosi, yote)

Waliokosa Jumamosi wamenisumbua sana kwenye simu, kwa hiyo naiweka hapa nzima. Picha zile za ukutani nimeziacha, hazina kazi bila mimi kuzielekezea kidole. Nimeandika kama nilivyosema, msinitafutie nukta na vituo.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Vijana mambo? Na nyie waalimu mliojificha nyuma, karibuni mbele, viti vipo na leo hakuna atakayeulizwa swali.

Mimi kazi yangu ni minara ya simu, mnanijua. Miaka yote hii nahangaika na jambo moja tu, kinachosemwa huku kifike kule kikiwa kilekile. Sasa mmeniambia niongee kuhusu habari, inaandikwaje kichwani mwa mtu, inaandikwaje kwenye maneno tunayoambiana, na inaandikwaje kwenye hizi simu. Ni mambo mengi lakini mimi nina la kusema moja tu, nitalizungushazungusha hadi mlichoke. Habari haifiki kwa sababu ni fupi. Habari inafika kwa sababu ina ziada. Ziada iliyopangwa! Lile ambalo ukilitazama haraka unasema hili la nini, lingekatwa tu, hilo hilo ndio linaokoa mengine.

Tuanze hapa nyumbani. La mgambo likilia? (Ukumbi: kuna jambo!) Ahsanteni. Sasa niambieni, ukisikia mbiu imelia umejua nini? Umejua kuna jambo. Jambo gani? Hujui. Msiba, mkutano, moto, hujui, mpaka mtu apite atangaze. Mbiu ina majibu mawili tu, imelia au haijalia, basi. Hicho ndio kipande kidogo kabisa cha habari kinachowezekana, huwezi kukikata tena. Mwaka 1948 Mmarekani mmoja anaitwa Claude Shannon, alikuwa maabara za Bell, akaandika makala ya hesabu za mawasiliano, na humo ndimo hicho kipande kikaitwa biti, jina ambalo mwenyewe anasema kalipata kwa mwenzake John Tukey. Ndio au hapana, moja au sifuri. Picha yako ya harusi, sauti ya mtoto anayekuomba nauli, meseji ya mkopo ambao hukuuomba, zote ndani ya simu ni mbiu zinazolia na kunyamaza mamilioni kwa mamilioni.

Lakini mbiu moja ikisikika vibaya nani atakwambia? Hakuna. Upepo umekula sauti, wewe umebaki nyumbani unaosha vyombo na mkutano umefanyika. Hapo ndipo shida yote inapoanzia, na hapo ndipo nataka niwapeleke Congo.

Mto Congo, ukishuka kidogo kutoka Kisangani, kuna mahali panaitwa Yakusu. Wenyeji wa pale ni Walokele. Mwaka 1938 alifika hapo mmisionari Mwingereza, John Carrington, akakuta kitu kilichomshangaza, akisafiri kwenda kijiji fulani anakuta watu wameshajua anakuja. Nani kawaambia? Ngoma. Sio ngoma ya ngozi, ni gogo limechimbwa ndani kwa ufa mrefu, mdomo mmoja wa ule ufa ukigongwa unatoa sauti ya juu, mwingine unatoa sauti ya chini. Sauti mbili tu. Na kwa sauti mbili watu wanapeana habari za kifo, mkutano, mvua, mpaka utani.

Inawezekanaje? Kilokele ni lugha ya toni, kila neno lina kupanda na kushuka kwake. Ngoma inaacha irabu na konsonanti zote inabeba kupanda na kushuka peke yake. (Sisi huku Kiswahili hakina mambo hayo, ndio maana ngoma zetu za Pwani zinatutoa jasho tu haziwezi kututumia salamu.) Sasa tatizo. Ukitupa konsonanti na irabu, maneno mengi yanafanana. Mwezi wa angani Kilokele ni songe. Kuku ni koko. Yote mawili juu-juu. Nikikugongea juu-juu, nimesema mwezi au kuku? Utajuaje?

Walokele hawakutafuta ngoma yenye sauti nyingi zaidi. Walirefusha maneno! Mwezi kwenye ngoma sio songe peke yake, ni songe li tange la manga, mwezi unaotazama chini duniani. Kuku ni koko olongo la bokiokio, kuku yule mdogo asemaye kiokio. Mnaona? Neno moja ukilisikia mwenyewe hulijui, lakini ule mkia mrefu una kupanda na kushuka kwake ambako hakufanani na kwingine. Maiti inakuwa maiti ilalayo chali juu ya mabonge ya udongo. Kumwambia mtu asiogope wanamgongea rudisha moyo chini, moyo umekupanda mdomoni, urudishe chini. Carrington alikuta kwa wastani ngoma inatumia kama maneno manane kwa neno moja la mdomo. Wazungu waliotangulia walikuwa wanasikia tafsiri zake wanadhani hawa watu ni washairi tu wanapenda kuremba. Kumbe pale hakuna urembo, ni uhandisi. Ukikata yale maneno ya ziada, habari inakufa njiani.

Na msidhani ni ya Walokele tu. Sikilizeni Kiswahili chenu wenyewe. Vile vitabu vyangu viwili vizuri vimepotea. Hesabuni ile vi na vy, vile, vitabu, vyangu, viwili, vizuri, vimepotea, mara sita nimekwambia ni vitabu zaidi ya kimoja, na moja kati ya hizo sita ni namba yenyewe! Kwani mara moja haikutosha? Mwanafunzi mgeni akijifunza lugha yetu hapo ndipo anapolia, anasema kwa nini mnarudiarudia. Tunarudia kwa sababu tunaongea sokoni, kwenye bodaboda, kwenye simu yenye mtandao unaokatika. Ukikosa vi ya kwanza utaipata ya pili, ukikosa ya pili ipo ya tatu.

Vijana nanyi mnalijua hili bila kufundishwa. Mtu kaandika "ntkja ksho asbh". Nani hapa hajaelewa? Hata bibi kaelewa. Nitakuja kesho asubuhi, zaidi ya theluthi ya herufi zimetupwa na habari imefika nzima, maana yake zile irabu nyingi zilikuwa ziada. Ila jaribu kutupa namba nusu. Nitumie elfu... ngapi? Hapo ndio utajua ipi ina ziada na ipi haina.

Nikiwa hapo niseme na hili la kiufundi kidogo alafu niliache. Meseji moja ya kawaida inabeba baiti 140 (baiti moja ni biti nane), kwa herufi zetu za kawaida hiyo ni herufi 160. Ukiweka kakatuni kamoja ka kucheka, simu inalazimika kuhama kwenye mwandiko mwingine ambao kila herufi inakula nafasi zaidi, na meseji ileile inashuka kuwa herufi 70. Kwa hiyo wewe unayetuma meseji ndefu ya mwaliko na kakatuni mwishoni, unalipia meseji mbili tatu kwa ajili ya kucheka.

Haya, tuje kichwani.

Wengi tunadhani kichwa kinarekodi. Hakirekodi ndugu zangu. Kwanza mlango wenyewe ni mwembamba. Mwaka 1956 George Miller alionyesha kwamba vitu ambavyo mtu anavishika kwa mara moja ni kama saba hivi, na watafiti waliokuja nyuma wakabana zaidi wakasema ni karibu na vinne. Ndio maana namba ya umeme wa luku, namba 20 zile, wanakuandikia nne nne nne nne nne. Nani anasoma tarakimu ishirini kwa pumzi moja? Mama anasoma nne, wewe unabonyeza nne, mnaenda hivyo mpaka taa inawaka.

Lakini wembamba sio tatizo kubwa. Tatizo ni kinachotokea baada ya kuingia. Mwaka 1932 Frederick Bartlett wa Cambridge, Uingereza, alitoa matokeo ya jaribio ambalo hata nyie mnaweza kulifanya jioni hii kwa bei ya chai. Aliwapa watu wasome hadithi ya wenyeji wa Amerika ya Kaskazini, hadithi ngeni kabisa kwao, ina mizimu, ina mitumbwi, watu wamekwenda kuwinda sili. Kisha akawaomba waiandike bila kuangalia, baadaye tena, baadaye tena, wengine baada ya miezi. Kila ikitoka inatoka fupi zaidi na ya Kiingereza zaidi. Mtumbwi ukawa boti. Kuwinda sili kukawa kuvua samaki. Mizimu ikafifia, wengine ikawapotea kabisa. Hakuna aliyekusudia kudanganya hapo. Kichwa kilibakiza mifupa, halafu kilipoulizwa kikajaza nyama kutoka nyumbani kwake.

La pili linatisha zaidi, maana linahusu mashahidi. Mwaka 1974 huko Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu 150 filamu fupi ya ajali ya magari. Hamsini wakaulizwa, magari yalikuwa na spidi gani yalipopondana? Hamsini wengine, yalikuwa na spidi gani yalipogongana? Hamsini hawakuulizwa spidi. Wiki moja baadaye wote wakaulizwa, uliona vioo vimevunjika? Kwenye filamu hakukuwa na kioo hata kimoja kilichovunjika. Wale walioulizwa kwa "kugongana" waliosema ndio, niliona vioo, walikuwa 7. Ambao hawakuulizwa spidi, 6. Walioulizwa kwa "kupondana", 16! Neno moja la muulizaji limeingia kichwani likavunja vioo ambavyo havikuvunjika. Askari polisi mliopo hapa, na nyie mnaosuluhisha ndoa za watu, mnanisikia eeh?

Sasa shikeni tofauti hii kwa sababu kwangu mimi hii ndio nyama ya hotuba nzima. Simu ikipoteza sehemu ya habari, inajua imepoteza, inakwambia jaribu tena. Kichwa kikipoteza, kinaziba pengo kwa kile kinachokitarajia, halafu hakikwambii kitu. Unakumbuka vibaya na unaapa. Kichwa kinayo ziada ya kutosha, harufu, sura, wimbo, mahali, vyote vinashikana, ndio maana ukisikia wimbo fulani unakumbuka daladala fulani. Lakini kengele ya kukwambia hapa umekosea, hiyo hatukupewa.

Wazee wetu waliliona hilo, wakaijenga kengele nje ya kichwa. Inaitwa vina na mizani.

Utenzi mnaujua, mistari minne, kila mstari mizani nane, mistari mitatu inaimbiana, wa nne una kina chake kinachorudi ubeti hadi ubeti. Watu tunasema ni uzuri, na ni uzuri kweli. Ila mimi fundi nikiutazama naona mtambo wa kukagua makosa. Huu hapa ubeti nimeutunga mwenyewe, malenga mliopo nisameheni:

Mwanangu njoo andika
Neno lisije futika
Akili hughafilika
Wino ndio wasalia

Chukulieni mtu kaukariri miaka, siku ya siku mstari wa tatu umemponyoka, kichwa kikazoea kazi yake ya kujaza, akasema "Akili husahau". Maana ileile! Kichwa kimeridhika kabisa. Lakini sikio? Hesabuni kwa vidole. A-ki-li hu-sa-ha-u. Saba. Imepungua mizani moja, na kina kimevunjika, ka ka alafu u. Kengele mbili zimelia kwa mpigo, na ukumbi mzima umegeuka kumtazama. Hajasoma popote na amekamatwa.

Je inakamata kila kitu? Hapana, na msije mkadanganywa na mtu kwamba ipo inayokamata kila kitu. Akisema "Akili hudanganyika", mizani nane, kina ka, kengele kimya, na maana imeshabadilika, kughafilika sio kudanganyika. Hilo kosa limepita na huenda wajukuu wakalirithi. Ndio maana mashairi ya zamani unakuta yana nakala zinazotofautiana neno hapa neno pale na bado zote zinaimbika vizuri tu. Ukikuta tofauti kwenye nakala za kale, angalia, mara nyingi neno lililoingia limevaa mizani ya lililotoka.

Sasa mitambo.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 huko huko maabara za Bell kulikuwa na mwanahesabu Richard Hamming. Alikuwa anaachiwa kompyuta wikiendi, zile kubwa za zamani za swichi zinazogonga, inafanya hesabu zake yenyewe bila mtu. Mashine ilikuwa na uwezo wa kugundua kosa. Ikigundua, siku za kazi inaita mtu aje, wikiendi hakuna mtu kwa hiyo inaitupa kazi yako inachukua ya mwingine. Jumatatu Hamming anakuja anakuta hamna kitu. Wikiendi nyingine tena hamna kitu. Akakasirika akajiuliza swali ambalo leo linawalisha watu wengi tukiwemo sisi wa minara. Kama mashine inajua kuna kosa, kwa nini isijue kosa liko wapi ilirekebishe yenyewe? Mwaka 1950 akachapisha jibu.

(Hapa niliwaita vijana mbele, mliokosa nawaeleza. Tisa wakasimama safu tatu za watu watatu watatu. Kila mmoja achague, mkono juu au mkono chini, hizo ndizo moja na sifuri. Halafu nikaongeza kijana mmoja wa ziada mwisho wa kila safu ya kwenda kulia, na mmoja mwisho wa kila safu ya kwenda nyuma, hawa hawachagui, nawapanga mimi ili mikono iliyo juu kwenye kila safu iwe shufwa, yaani sifuri, miwili au minne, isiwe witiri. Nikageukia ukutani. Mmoja kati ya wale tisa akabadilisha mkono, ukumbi ukiwa kimya. Nikageuka, nikahesabu, safu ya pili ya kulia ina mikono witiri, safu ya tatu ya nyuma ina witiri, zinapokutana ndipo alipo mkosaji. Nikamwambia, wewe wa shati la bluu, shusha mkono. Kelele zake hamuwezi kuzipata kwa kusoma.)

Mmeona sikumuuliza mtu? Sikukumbuka mkono wa mtu yeyote. Vijana sita wa ziada ambao hawana habari yoyote mpya, wamesimama pale tu, ndio wamenionyesha kosa liko wapi, na nikijua liko wapi nimeshalirekebisha, maana mkono ni juu au chini, hakuna cha tatu. Wakibadilisha wawili kwenye safu moja hapo mimi kwisha habari yangu, kwa hiyo wataalamu wakaendelea kutafuta ziada zilizo bora zaidi.

Mnazitumia kila siku. Ile luku, ndani ya tarakimu zako 20 kuna sehemu ambayo sio umeme, ni ya ukaguzi. Ukikosea tarakimu moja, mita inakataa, haikupi uniti za jirani. Lakini namba ya simu, je? Namba ya simu haina ukaguzi wowote! Badilisha tarakimu ya mwisho, umepata namba ya mtu mwingine halali kabisa, yuko zake Mbeya anakula ugali. Wangapi hapa mmewahi kutuma hela kwa mtu msiyemjua? (Mikono ilikuwa mingi kuliko nilivyotarajia.) Ndio maana siku hizi kabla hujaweka namba ya siri simu inakuletea jina. Lile jina ni ziada, wametuongezea ukaguzi nje kwa sababu ndani haukuwekwa, na wewe unalipita mbio unabonyeza moja. Lisomeni jina jamani.

Toeni simu. Bonyezeni nyota reli sifuri sita reli. Imekuja namba ndefu ya tarakimu 15, msimwonyeshe jirani. Hiyo ndio namba ya kifaa chenyewe. Ile tarakimu ya 15 sio ya kifaa, ni ya ukaguzi, hesabu yake aliibuni Hans Peter Luhn wa IBM. Hesabu ni ya darasa la nne. Chukua mfano mfupi, 38158. Tarakimu za nafasi ya pili na ya nne zizidishe kwa mbili. Nane inakuwa 16, ikizidi tisa jumlisha tarakimu zake, moja na sita saba. Tano inakuwa 10, yaani moja. Sasa jumlisha zote, 3 na 7 na 1 na 1 na 8, ishirini. Ikiisha na sifuri, namba ni safi. Mtu akikosea akaandika 48158 jumla ni 21, imekataa. Akipindua mbili akaandika 31858 jumla 22, imekataa pia, na kupindua tarakimu mbili zinazofuatana ni kosa la vidole la kawaida sana.

Lakini inakamata kosa, haikamati mwizi. Mwaka 2016 TCRA, wale wasimamizi wa mawasiliano nchini, walipozima simu feki, sio hesabu hii iliyowafichua, mtu akitaka kutunga namba ya uongo ambayo jumla yake inaisha na sifuri anaitunga kwa dakika moja. Ule ulikuwa ukaguzi wa orodha, namba yako ipo kwenye orodha ya waliotengeneza simu au haipo. Watu wanachanganya haya mambo mawili, wanadhani kitu kikipita ukaguzi ni cha kweli.

Na ile miraba ya kulipia dukani, QR, ilitoka Japani mwaka 1994, Masahiro Hara na wenzake wa Denso Wave waliitengeneza kwa ajili ya vipuri vya magari kiwandani, kwenye mafuta na uchafu. Ndio maana ni ngumu kufa. Ikichapwa kwa daraja la juu kabisa la ziada, unaweza kuharibu mpaka karibu asilimia 30 yake na bado inasomeka. Ila msichokoe yale macho matatu ya pembeni, yale ndio yanaiambia kamera mraba umelala vipi, ukiyaziba kamera haijui ianzie wapi.

Hapo kwenye kuanzia wapi ndipo nataka kumalizia, kwa sababu kuna aina ya kupotea ambayo ziada haisaidii. Habari ipo nzima, haikosi hata nukta, na hakuna anayejua kuisoma.

Hapa Tanga, na Pangani, na Pwani yote hii mpaka Lamu, Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa muda mrefu kabla ya hizi a e i o u za shuleni. Barua, mikataba ya mashamba, madeni, tenzi. Na mwandiko ule ulikuwa na wembamba wake. Alama za irabu ni tatu, kwa hiyo i na e zinakaa kwenye alama moja, u na o zinakaa kwenye alama moja. Herufi ba iliandika b na mara nyingi p vilevile. Sasa msomaji anajuaje? Anajua kwa sababu anakijua Kiswahili, na kama ni utenzi, kina kinamwambia. Mistari miwili imeisha na -ko, wa tatu huu una alama inayoweza kuwa -ku au -ko, haya ni -ko, tumemaliza. Yaani nusu ya habari iko kwenye karatasi, nusu nyingine iko kichwani kwa msomaji. Ngoma ya Yakusu vilevile, bila Mlokele ni gogo linalogongwa.

Wale wenye nusu ya kichwani wanapungua. Nyie mnajua, nyumba ngapi hapa kuna sanduku la babu lina makaratasi, watoto wanadhani ni Kurani kwa sababu ya herufi wanaogopa kuyatupa, na kumbe ni Kiswahili kitupu, pengine ni hesabu ya nazi. Kupiga picha peke yake hakutoshi. Ukipiga picha umehifadhi ile nusu iliyo kwenye karatasi tu. Inatakiwa mtu anayejua akisome kwa sauti, na aliyekaa pembeni akiandike kwa herufi za leo, na pale asipokuwa na uhakika aseme hapa naona e au i, iandikwe hivyohivyo, isizibwe pengo. Msifanye kazi ya vichwa vya wale wasomaji wa Bartlett.

Kwa hiyo tangazo. Yupo mzee wetu mmoja pale safu ya mbele, hakutaka nimtaje, anasoma mwandiko ule bila miwani. Alhamisi baada ya Alasiri atakaa hapahapa ukumbini. Mwenye karatasi nyumbani azilete, tutapiga picha, atasoma, tutarekodi, na utaondoka na karatasi yako na usomaji wake. Zileteni zikiwa kwenye bahasha ya kawaida, kavu. Na tafadhali sana msizipeleke steshenari kuzilamineti kwanza, ile plastiki ikishashika na moto haitoki tena na mzee hataweza kuangalia upande wa nyuma.